Bamia za Mwenyekiti

Juzi nilialikwa chai mjini Morogoro, kwa mama mmoja ambaye mumewe ni mkubwa wa ofisi fulani. Nyumba ile ina ukuta, na kando ya ukuta mama huyo amepanda mstari wa maua marefu kuliko mtu, yenye majani mapana ya vinyweleo na maua makubwa kama vikombe, mengine mekundu, mengine meupe, mengine ya rangi ya damu ya mzee. Alinishika mkono akanipeleka kuyaona, jinsi watu wanavyokupeleka kumwona mtoto mchanga, na wewe unatakiwa useme ni mzuri hata kama anafanana na babu yake. Akaniambia yanaitwa holihoki, mbegu aliletewa na shemeji yake kutoka Ulaya, na siri yake ni moja tu.

"Yanataka kubembelezwa, mdogo wangu. Ukiyaharakisha, yananuna."

Chai ilinipalia. Mama wa watu alidhani nimepaliwa na kashata, akanipigapiga mgongoni. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Mimi maua hayo nayajua tangu sijang'oka meno ya utotoni, na sikuwahi kuyaona yakibembelezwa. Niliyaona yakiimbiwa, yakihutubiwa, yakipikwa, na mwishowe yakitishwa kwa panga. Wewe unayenifahamu utasema nimeanza dharau zangu. Nimeanza, ndiyo. Kaa nikusimulie.

Kwetu ni juu mlimani, upande ambao ukungu unalala juu ya migomba mpaka jua liwe kali huko bondeni. Watu wa mjini huitazama milima ya Uluguru kutoka chini, wakasifu ubichi wake, halafu wakaingia ndani kunywa soda. Hawajalima huko. Kwetu ardhi imesimama. Unalima mguu mmoja juu mwingine chini, na jembe likikuponyoka unalifuata kwa jirani. Mkoloni alikuja akatulazimisha kuchimba ngazi za kuzuia udongo kwenye kila ubavu wa mlima, watu wakachimba mpaka wakachoka wakagoma. Wazee waliokuwapo walilisimulia jambo hilo kila jioni, kwa fahari, kama vile hawatalazimishwa tena na mtu yeyote maishani. Nililiamini hilo. Mtoto huamini chochote kinachosemwa karibu na moto.

Katika nchi hiyo ya kusimama, bibi yangu mzaa mama alikuwa na kipande kimoja cha bapa. Kilikuwa kando ya njia kuu ya kijiji, mkabala na ofisi ya tawi la chama, na kijito kilipita ubavuni mwake. Alikipata kwa mama yake, naye kwa mama yake, maana kwetu ardhi hufuata tumbo la mama. Kingekuwa cha mama yangu, kisha changu. Bibi alipanda njegere huku na magimbi kule karibu na maji. Magimbi yale tuliyala asubuhi, ya moto, na chai ya mchaichai iliyonukia moshi. Njegere alizipika na karanga zilizotwangwa, karanga za Gairo, akikoroga kwa mwiko uliokwisha upande mmoja. Nimekula kwenye hoteli zenye vitambaa mezani. Sijapata njegere kama zile, na sisemi hivyo kwa sababu ya kumbukumbu kutia sukari. Nina ulimi mkali na hausamehe.

Sasa aje Mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mfupi mwenye koti refu. Hakuwa mtu mbaya. Ubaya unahitaji akili kidogo. Alikuwa mtu wa kusikia neno kutoka juu na kulitekeleza kabla halijaisha. Ikawa mkubwa mmoja wa chama alipita kwenda misheni, akaona maua marefu kwenye ukuta wa nyumba ya masista, akasema, kwa adabu tu ya mtu aliyekaribishwa juisi, kwamba kijiji chenye maua kama haya ni kijiji kilichoendelea. Akaongeza kuwa mwaka ujao, masika yakishapita, atarudi kukikagua chetu. Mwenyekiti hakulala. Katika kijiji kizima, mahali pa bapa penye maji, panapoonekana na mtu asiyeshuka kwenye gari, palikuwa mahali pamoja tu, kwa bibi.

Siku aliyokwenda kuomba mbegu mimi na bibi tulikuwapo, tumepeleka njegere jikoni kwa masista. Sista mkubwa, Mzungu mwenye uso mwekundu kama nyanya ya Mgeta, alimpa Mwenyekiti mbegu bapa kama vifungo vidogo, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kunyooka kama rula:

"Mwaka wa kwanza, majani. Mwaka wa pili, maua. Lazima kusubiri."

"Sista," alisema Mwenyekiti, "hiki ni kijiji cha ujamaa. Mwaka mmoja unatutosha."

Na Sista alitabasamu tu, lile tabasamu la watu ambao chakula chao kinaletwa na meli. Bustani yake ilimwagiliwa na wasichana wa kwetu waliochelewa katekisimu. Hakuwa na haja ya kubishana na mtu.

Mkutano ukaitishwa. Tukapigiwa "Uhuru!" tukajibu "Na kazi!" mpaka mbwa wakakimbia. Mwenyekiti akatangaza kwamba shamba la bibi litakuwa bustani ya kijiji. Watu walitazama chini. Wale wale waliogomea ngazi za mkoloni, wale wale wa kila jioni, ghafla wote wakawa na miiba miguuni ya kuchokonoa. Bibi peke yake ndiye aliyesimama.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwenyekiti haraka, maana alimwona akija.

"Marahaba, mwanangu. Njegere zangu ni adui wa taifa?"

Watu wakacheka kwa pua.

"Hapana, bibi. Ni kwa muda. Maua yakichanua, mgeni akiyaona, shamba ni lako."

"Sema tena, na mjomba mtu asikie." Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, na wakati huo alikuwa amejificha nyuma ya mtu mnene.

"Yakichanua, mgeni akiyaona, shamba linarudi kwako. Mbele ya wote."

Hilo ndilo lililobaki la kushika. Tangu siku hiyo bibi, ambaye maishani mwake hakuwahi kupanda kitu kisicholiwa, alihitaji maua kuliko mtu yeyote mlimani. Asipoyapata, alikuwa amepoteza ardhi ya mama yake mchana kweupe kwa mtu mwenye koti.

Njegere ziling'olewa zikiwa na maua yake madogo meupe, ambayo hakuna aliyeyaita maendeleo. Mbegu za Sista zikapandwa. Vuli ikaja, zikaota. Nikiri tu kwamba ziliota vizuri, kwa sababu udongo ule ungeotesha hata kokoto. Majani yakatanda, ya mviringo, yenye kingo za kukunjana, kama ya bamia lakini manene zaidi. Yakakaa hivyo. Majani na majani.

Hapo ndipo uhamasishaji ulipoanza. Mwalimu wetu, mtu wa Gairo, alipewa kazi ya kuyasimamia. Bibi alimtania kila alipopita: "Nyinyi kwenu mvua ikinyesha mnatoka nje kuuliza ni nini hiyo, leo unatufundisha maua?" Mwalimu akamjibu, "Na nyinyi mmeishi na maji tangu Adamu, mbona hata ua moja hamna?" Walipendana hivyo. Mwalimu aliamini mbolea. Kila mtoto aje shuleni na samadi, asiye na samadi aje na majivu. Tulibeba mavi ya mbuzi kwenye makopo tukiwa na daftari kwapani, na darasa letu lilinuka zizi mwaka mzima. Ndiyo elimu niliyopata kwanza, na nimefika chuo kikuu nikakuta tofauti ni harufu tu.

Mwenyekiti yeye aliamini hotuba. Alisema mmea ni kiumbe hai na kiumbe hai huhamasika. Basi kila asubuhi, kabla ya hesabu, tulipangwa mbele ya vile vichaka tukaviimbia nyimbo za chama, Mwenyekiti akipiga hatua huku na huku, akiyatazama majani usoni. Nilikuwa mstari wa mbele kwa sababu ya sauti yangu. Ukungu ulikuwa unatudondoshea matone puani. Hakuna hata mtu mzima mmoja aliyesema, "Jamani, tunaimbia majani." Nilipouliza kama yana masikio, mwalimu alinikonyeza asinijibu, kisha akaniambia niimbe kwa nguvu zaidi. Ule ukonyezo sijausahau. Afadhali mjinga anayeamini kuliko mwerevu anayekonyeza.

Bibi alitazama haya yote kutoka barazani. Ilipofika masika na bado hakuna hata kitumba, alivuka njia, akachuma majani kujaza ungo, akayapika. Yalitoa utelezi kama mlenda. Tukala na ugali wa baridi.

"Yakoje?" aliniuliza.

"Yanateleza."

"Kama Mwenyekiti," akasema, akaendelea kula.

Kisha akaamua kutumia njia yetu. Kwetu mti usiozaa hutishwa. Wanakwenda watu wawili. Mmoja ana panga, anautukana mti na kuinua mkono kutaka kuukata. Mwingine anaushika mkono ule, anauombea mti msamaha, anaahidi kwamba mwakani utazaa. Mti ukisikia, huogopa, huzaa. Wazee wanaapa. Mimi sijaona mti ulioogopa, lakini nimeona watu wengi wanaozaa matunda kwa njia hiyo, hasa maofisini. Bibi akachukua panga, akanichukua mimi niwe mwombezi.

"Haya, mke mwenzangu," alinong'ona, "mimi nikifoka, wewe lia."

Akasimama juu ya kichaka kikubwa kuliko vyote, panga juu.

"Leo nakukata! Unakunywa maji yangu, unakula samadi ya wajukuu zangu, unaimbiwa kama bwana harusi, na huchanui! Wa nini wewe?"

"Msamehe, bibi!" nikalia, nikamshika mkono. "Atachanua!"

"Lini?"

"Karibuni!"

"Karibuni ya mtu mzima, au karibuni ya Mwenyekiti?"

Kumbe mwenyewe alikuwa amesimama njiani. Aliona panga akaja mbio, koti linapepea.

"Bibi! Hiyo ni mali ya kijiji!"

"Basi iombee, mwanangu," alisema bibi bila kushusha mkono. "Huyu mtoto sauti yake haitoshi."

Wiki ile ile Mwenyekiti alikuwa ametuhutubia juu ya ushirikina kuwa adui wa maendeleo. Alitazama huku na huku. Alitazama majani, na bila shaka alimwona mgeni ndani ya majani yale. Akavua kofia.

"Msamehe, bibi," akasema kwa sauti ndogo. "Atachanua. Atachanua kabla ya mgeni."

"Sisikii."

"Atachanua!"

Nimesoma vitabu vingi kuhusu dola na mamlaka. Hakuna nilichojifunza ambacho sikukiona siku ile: mwenye kofia mkononi akiliombea jani.

Na jani halikuogopa. Masika yakaisha, baridi ya mlimani ikaingia, mgeni akatuma habari kwamba anakuja. Mwenyekiti, kwa ushauri wa sijui nani, akaazima kanisani karatasi za rangi zilizobaki za mapambo ya Pasaka. Akina mama wakakatakata maua, wakayafunga kwa nyuzi kwenye vichaka. Kwa mbali yalipendeza, nisiwe mwongo. Kisha yakaja manyunyu yetu ya kawaida, yale ambayo mtu yeyote aliyezaliwa pale angeyatarajia. Karatasi zikayeyuka. Wekundu ukamiminika kwenye majani, ukadondoka chini matone matone.

Gari la mgeni likasimama. Tukaimba. Akateremsha kioo, akatazama shamba kwa muda, uso umemkunjana kwa huruma.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "hizi bamia zenu zina ugonjwa gani?"

Mgeni akaahidi kumtuma bwana shamba, akapandisha kioo, gari likaondoka. Mwalimu alikohoa sana kwenye kitambaa chake. Bwana shamba tunamsubiri mpaka leo.

Kilichofuata ungekibashiri. Mwenyekiti aliyachukia yale maua kama mtu aliyeachwa mbele ya wakwe. Akatangaza yang'olewe na mahali pale pajengwe ghala la kijiji. Na bibi yangu, aliyekwisha kuyapika na kuyatolea panga, akaenda kuketi katikati yake na kigoda chake na ukili aliokuwa akiusuka.

"Ulisema yakichanua," alimwambia.

"Bibi, hayachanui!"

"Hukusema mwaka gani. Sista alisema mwaka wa pili. Mimi nilikuwapo na huyu mke mwenzangu alikuwapo. Ng'oa, uone kama mjomba mtu hatakuja." Mjomba asingekuja, lakini Mwenyekiti hakulijua hilo.

Ikawa bibi ndiye mlinzi. Aliyapalilia kwa chuki, akiyasonya moja moja. Aliwafukuza mbuzi. Jirani zetu, wale mashujaa wa jioni, wakampa jina la Bibi Maua, wakamwimba kilabuni. Yeye alikuwa akipanda njegere kwenye ubavu wa mlima, mguu mmoja juu mwingine chini, na magoti yake yalikuwa yamekwisha. Jioni nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi. Hakulalamika. Alisema tu, "Mtu akikupa neno, ulishike hata kama yeye ameshalitupa."

Vuli nyingine ikapita, masika mengine yakapita, na bila kuimbiwa, bila samadi, bila kutishwa na mtu, vichaka vikainua shingo. Mashina yakapanda kupita dirisha la ofisi. Vitumba vikapasuka kuanzia chini kwenda juu, ua juu ya ua, mpaka ile bustani ikasimama kama watu waliovaa khanga mpya wanaosubiri harusi. Mimi nilikuwa nimeapa kuyadharau. Nilisimama pale na kopo la maji, nikasahau nilikuwa nakwenda wapi.

Bibi alingoja Jumapili, watu wametoka misa, akamwita Mwenyekiti mbele yao.

"Yamechanua."

Mwenyekiti aliyatazama. Akakumbuka.

"Mgeni hajayaona, bibi. Tulisema mgeni akiyaona."

Watu wakatazama chini tena. Alfajiri ya kesho yake bibi aliyakata yote, akayapanga kwenye tenga, akayafunika kwa majani ya mgomba yenye umande, akajitwika, tukashuka mlima kwa miguu kwenda mjini. Nilibeba yaliyozidi. Njia nzima mashina yalinipiga masikioni, na nyuki mmoja alitusindikiza mpaka karibu na mjini, kisha akaona ujinga wetu akarudi.

Ofisini kwa chama tukamkuta tarishi anakula chungwa.

"Ndugu mkubwa alikwisha hamishwa, bibi. Mkoa mwingine kabisa."

"Na aliyekuja?"

"Yuko semina."

"Semina ya nini?"

"Ya uhamasishaji." Tarishi akalinusa tenga. "Hayanuki haya."

"Hayanuki," bibi akakubali.

Akayachomeka kwenye ndoo nyekundu ya mchanga wa kuzimia moto, pale mlangoni. Yalikuwa yamekwisha kunyauka, yameinamisha vichwa kama wanafunzi waliochelewa. Akaninunulia andazi, tukaanza kupanda.

Mwenyekiti alikuwa anatungoja njiani, koti na kofia.

"Haya, bibi. Mgeni ameyaona?"

"Ameyaona," alisema bibi bila kusimama. "Anakusalimu sana. Kasema, yule mama arudishiwe shamba lake la bamia."

Neno bamia lilimpiga kama jiwe. Nani mwingine chini ya jua angeyaita maua yale bamia? Mwenyekiti akanigeukia mimi kutafuta ushahidi. Nilikuwa na andazi mdomoni; nikatikisa kichwa, na kichwa kinachotikiswa kila mtu hukisoma anavyotaka. Kesho yake shamba likarudi. Hakuthubutu kushuka mjini kuuliza. Katika miaka ile hakuna aliyeuliza juu. Neno lilishuka tu, kama maji, na bibi yangu aliyekaa kando ya kijito maisha yake yote alikuwa ameelewa kwamba ukisimama mahali panapofaa, unaweza nawe kulichafua.

Njegere zikarudi. Kila mwaka kati yake yaliota maua ya Sista, mbegu zilikuwa zimeshajimwaga, naye aliyang'oa kama magugu. Lakini daima aliacha moja, pembeni, upande unaotazama ofisi. Nilimuuliza siku moja, nimekwisha kuwa msichana mkubwa, kama hatimaye ameyapenda.

"Kupenda?" akasonya. "Wakituletea mgeni mwingine, nisiwe mikono mitupu."

Bibi amekufa. Mwenyekiti amekufa, na nasikia kwenye maziko yake hotuba ilikuwa ndefu. Ofisi ya tawi sasa ni duka la mafuta ya taa na sabuni. Shamba ni la mama yangu, amelikodisha kwa kijana mmoja anayepanda kabichi na kupiga dawa nyingi. Nilipopanda mara ya mwisho nilimuuliza kama hajaona mmea mrefu pale pembeni, wenye majani kama bamia.

"Lile gugu, dada? Nililing'oa."

Sikumlaumu. Hakuna aliyemwambia ni silaha.

Nina dharau na vitu vingi vya miaka ile, na sina mpango wa kuipunguza. Ila sasa nakaa mjini, kwenye vyumba viwili vya kupanga, na neno bado linashuka kutoka juu, siku hizi kwa lugha nyingine na koti zuri zaidi, na bado watu wanachokonoa miiba isiyokuwapo miguuni. Yule aliyekuwa akisimama peke yake simwoni. Juzi, wakati yule mama mwenye ukuta amekwenda jikoni kuongeza maji ya chai, nilinyoosha mkono nikachuma kikonyo kimoja kilichokauka, chenye zile mbegu kama vifungo, nikakitia kwenye pochi.

Nitazipanda kwenye debe, dirishani, upande wa barabara. Sitaziimbia wala sitazibembeleza. Panga ninalo.